Kufuata Vyeti vya Mdogo Wangu Kisarawe

Ujumbe wa simu ndio ulionitoa nyumbani. Uliingia Ijumaa mchana kwenye simu ya mdogo wangu Esta, tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba ya mama pale Pangani. Nasema Pangani yetu ya Kibaha, msije mkadhani ile ya Tanga. Esta alikuwa anachambua mchicha. Alisoma, akafuta mikono kwenye kanga, akasoma tena, kisha akanipa simu. Ameitwa kwenye usaili wa ajira za walimu serikalini. Jumatatu asubuhi, hapa hapa Kibaha. Aje na vyeti halisi, nakala hazitapokelewa.

Nyumba nyingine wangepiga vigelegele. Esta amemaliza chuo kikuu, anafundisha hesabu, na tangu ahitimu amekuwa akijitolea katika shule moja ya Sofu kwa posho isiyozidi nauli, akisubiri serikali imkumbuke. Sasa imemkumbuka, na vyeti havipo. Cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, hata cha kuzaliwa, vyote alikuwa navyo wakala wa ajira za nje aitwaye Shomari. Alivichukua kwa ajili ya viza ya Shelisheli.

Hiyo Shelisheli niieleze kidogo. Shomari alifika pale shuleni Sofu mwaka jana, kavaa tai, akawaambia walimu wa kujitolea kwamba kule visiwani wanatafuta watu wa hesabu na sayansi, wanatoa nyumba, na mkataba ni wa miaka miwili. Esta alirudi nyumbani siku hiyo anatembea haraka. Kuanzia hapo ikawa kazi ya makaratasi. Barua ya serikali ya mtaa ili apate pasipoti. Cheti cha kuzaliwa cha mama, ambacho mama hana, kwa hiyo kiapo badala yake. Polisi, alama za vidole. Hospitali, picha ya kifua na damu. Majibu ya hospitali yana muda wake. Yakaisha muda kabla viza haijatoka, akapima upya, nayo yakaisha tena.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo ni mtu wa njia. Nimechimba Chunya, nimeuza mitumba Tunduma, nimebeba korosho ghalani Mtwara, na kila nikichoka narudi kwa mama. Nchi hii nimeizunguka na kitambulisho kimoja tu mfukoni. Kwa hiyo safari ya Esta ilinishangaza, nikawa namsindikiza ofisi hadi ofisi ili nione. Polisi nilimuuliza yule mwenye wino kwa nini wanachukua vidole vyote kumi.

"Kwani wewe unajua atafanya kosa kwa kidole kipi?" alinijibu.

Esta alicheka siku ile. Baadaye aliacha kucheka. Hakuwa ametoka Kibaha hata hatua moja, na tayari alikuwa amechoka kuliko mimi niliyefika Tunduma.

Kila alipompigia Shomari, jibu lilikuwa moja: "Iko kwenye mfumo, mwalimu." Mama naye akalidaka. Ukimuuliza kama chakula kimeiva, anakwambia kiko kwenye mfumo.

Vyeti halisi Shomari alivichukua akisema vinakwenda kuhakikiwa. Nilikuwepo. Nilimuuliza kwa nini visihakikiwe huku Esta mwenyewe amekaa pembeni, kisha avichukue aondoke navyo. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua. "Kaka Maganga," akasema, "haya ni mambo ya kimataifa."

Ijumaa alasiri, kituo cha Kwa Mathias. Mimi na Esta tulishuka hadi barabarani kumtafuta. Ofisi yake ilikuwa chumba nyuma ya duka la vitenge, na mlango ulikuwa na kufuli. Simu yake haipatikani. Mabasi ya Morogoro yalikuwa yanapita, wachuuzi wanayakimbilia na maji na korosho, na Esta amesimama mbele ya kufuli anasoma kibandiko cha mlangoni, chenye picha ya ndege na mnara ambao si wa Shelisheli.

Mwenye duka, mama mnene mwenye sauti nzuri, alitoka nje. "Mnamtaka Shomari? Mama yake mahututi. Kaenda kwao Kisarawe tangu katikati ya wiki." Alimtazama Esta kwa makini. "Na wewe ni mwalimu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Walimu wanakuja wengi hapa. Jana kaja mmoja kakaa kwenye hiyo ngazi mpaka nafunga."

Alitupa jina la kijiji, njia ya Maneromango, akasema tumuulizie Bi Mwanahamisi, mama yake mdogo Shomari, anayejulikana na kila mtu kule. Esta alitaka tuondoke saa ile ile. Nilimwambia arudi nyumbani ajiandae na usaili. Kutafuta watu njiani ndiyo kazi ninayoiweza.

"Usigombane naye," aliniambia. "Ukigombana naye atasema hana."

Jumamosi alfajiri, Kiluvya. Kwenda Kisarawe watu wengi huzungukia mjini, Gongo la Mboto na Pugu. Mimi napenda njia za kukata. Nilishuka Kiluvya nikasubiri kwenye makutano, na jua lilipochomoza nikapata Fuso tupu inayokwenda kupakia mchanga upande wa Mpuyani na kuendelea. Dereva alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu, ananyonya pipi ya kifua.

Barabara ile ni ya vumbi, na mahali pengine ni mashimo tu yaliyopangana. Pembeni mikorosho, mihogo, magunia ya mkaa yamesimamishwa kama watu wanaosubiri usafiri. Kabla ya Mpuyani tulisimama kupisha ng'ombe. Mchungaji alikuwa wa kwetu, nikamjua kwa fimbo na namna alivyojifunga shuka. Baba yetu naye aliingia Pwani hivyo hivyo, nyuma ya mikia ya ng'ombe kutoka Shinyanga, kabla hatujazaliwa. "Mwangaluka," nilimsalimu kupitia dirishani. Akaitikia na kucheka, akashangaa Fuso ya mchanga imebeba Msukuma.

Dereva aliniuliza ninakokwenda. Nikamweleza yote: Esta, viza, vyeti, wakala.

"Sasa huyo wakala mwenyewe ana mwili gani?" akauliza.

"Mwembamba."

"Ana bahati mbaya basi. Wewe umepewa kazi hii kwa sababu ya hayo mabega?"

"Nimeambiwa nisigombane."

"Basi wamekosea mtu. Wangemtuma mtoto mdogo, akalia mlangoni mpaka wampe." Alikata kona, akaliepuka shimo kwa upendo. "Mimi kaka yangu alienda Uarabuni kwa wakala. Alifika kweli. Simu ya kwanza alipiga akasema, mwambieni mama kuna kiyoyozi. Hiyo ndiyo habari yake mpaka leo. Hajasema kingine."

Saa nne hivi, Kisarawe mjini. Mji umekaa juu kwenye mwinuko, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Kibaha. Nilikunywa chai na mihogo ya kuchemsha kwa mama mmoja karibu na stendi. Nilimuuliza habari za korosho, habari za maji, kwa nini nyumba zile za juu zina miti mikubwa. Nikimuuliza mtu mambo yake, uchovu unakaa pembeni kidogo. Kisha nikapanda bodaboda kuelekea njia ya Maneromango.

Tulipokata kuingia kijijini, kijana wa bodaboda alipunguza mwendo. Nami niliona alichokiona: turubai la bluu, wanaume wamekaa kwenye mikeka, kofia nyeupe, moshi wa majiko nyuma ya nyumba.

"Ndiyo hapo kwa kina Bi Mwanahamisi," alisema. "Lakini kaka, hapo kuna msiba."

Mama yake Shomari alikuwa amefariki usiku. Maziko ni baada ya sala ya adhuhuri.

Nilishuka nikasimama pale njiani na mkoba wangu. Kila mtu aliyelelewa nchi hii anajua hali niliyokuwa nayo. Mtu mwenye msiba huendi kumshika shati na kumuuliza karatasi. Unakaa kwenye mkeka, unapewa maji, unatoa pole, unanyamaza. Na baada ya maziko kuna matanga, wafiwa wapo ndani, wageni wamejaa, na Jumatatu haisubiri matanga ya mtu. Nilifikiria kugeuka. Nilifikiria uso wa Esta mbele ya kufuli. Nikaingia.

Shomari alikuwa kwenye kundi la wanaume karibu na mlango, bila tai, miguu peku, macho mekundu. Aliponiona alisimama taratibu. Nadhani alitegemea nifoke. Nikampa mkono, nikamwambia pole. Ghafla akanikumbatia.

"Kaka Maganga. Umekuja kunizikia mama."

Nilisema, "Ndiyo."

Nilipokwenda kukaa, mwanamke mmoja mfupi mwenye kaniki alinisimamisha. Huyo ndiye alikuwa Bi Mwanahamisi, mdogo wake marehemu. Aliniuliza natokea wapi. Nikasema Kibaha.

"Kibaha ya kuzaliwa?"

"Asili yetu Shinyanga, mama."

"Msukuma?"

"Msukuma."

Alipiga makofi mara moja, akageukia nyuma ya nyumba waliko wanawake. "Jamani! Mtani kafika! Tulikuwa tunamzika dada bila mtani, Mungu kaleta mpagazi!"

Kwa wasioujua utani huu: zamani Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wanabeba mizigo kwa miguu kutoka bara kuja pwani, wakipita katika nchi ya Wazaramo, na utani ukaanzia huko. Kwenye msiba mtani ana kazi. Anawachekesha wafiwa, anaiba sufuria, anazuia jeneza hadi apewe kitu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Baba yangu alikuwa anaitwa misiba ya Kibaha nzima kwa kazi hiyo. Mimi sijawahi kuifanya. Sina uso wa kuchekesha, na siku ile hata uso niliokuwa nao ulikuwa umechoka.

Wanawake walitoka. Mmoja akaninyang'anya kofia akaivaa. Mwingine akanimwagia maji miguuni, eti anisafishe vumbi la kinyesi cha ng'ombe.

"Mpagazi gani huyu hana mzigo?"

"Kauuza njiani!"

"Uliza hesabu yake ya ng'ombe, hawa watu hawajui umri wa mama zao ila wanajua umri wa ndama!"

"Nyie nanyi," nikajitahidi kujibu, "mkisikia ngoma ya kijiji cha pili mnaacha jembe limesimama lenyewe shambani."

Walicheka kupita kiasi, kama watu waliokuwa wanatafuta sababu. Hata Shomari alitabasamu. Nikaona kwamba kazi hii ina maana yake.

Mchana, mbele ya nyumba. Marehemu alikuwa ameswaliwa. Kijana mwenye kanzu waliyekuwa wanamwita ustadhi alisimama akasema maneno yanayosemwa kila maziko: kama kuna mtu anamdai marehemu, au aliweka amana kwa marehemu, ajitokeze kwa familia. Watu wakanyamaza kama wanavyonyamaza siku zote. Nami nikanyamaza. Marehemu hakuwa na langu. Mwenye langu alikuwa mwanawe, na hakuna tangazo la mwanawe.

Wakaliinua jeneza. Bi Mwanahamisi akanisukuma mgongoni kwa kiganja.

"Weye mtani, umelala? Dada yangu aondoke kimya kama hana watu?"

Nikatembea mpaka mbele ya wabebaji, nikakaa chini njiani. Nikanyoosha miguu.

"Haendi mtu!" nikasema.

Kicheko kikapanda. Wazee wakatingisha vichwa kwa furaha. Ustadhi akakunja uso. "Jamani, mambo haya tuyaache, maiti anacheleweshwa," akasema, lakini mzee mmoja akamwambia, "Subiri kidogo, mwanangu, huyu ana haki yake."

"Unataka nini, mpagazi?" Bi Mwanahamisi akaniuliza kwa sauti ya mnada. "Kuku? Nanasi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema kuku. Naapa nilikuwa nimejiandaa. Lakini nilipofungua kinywa nikamwona Shomari, bega lake limeshika mguu wa mbele wa jeneza la mama yake, na ananitazama, na nikajua kwamba anajua.

"Sitaki kuku," nikasema. "Nataka vyeti vya mdogo wangu."

Walicheka zaidi. "Vyeti! Msukuma na vyeti!" "Vya ng'ombe waliofaulu!" Kofia yangu ikarushwa juu. Kicheko kilizunguka mikeka yote, kikarudi, na kikaanza kupungua, maana watu waliokuwa karibu na jeneza waliona kwamba Shomari hacheki. Machozi yalikuwa yanamteremka, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu, hawezi kuyafuta.

Bi Mwanahamisi akamtazama. Akanitazama mimi. "Shomari," akasema, "mtani anasema nini?"

Shomari akatazama chini, miguuni pake.

"Lile begi la chini ya kitanda?"

Akaitikia kwa kichwa.

Yule mama akashika kiuno. Aliongea taratibu, si kwetu sisi tu, kwa wote. "Dada aliniambia. Alisema mwanawe kaweka karatasi za watu chini ya kitanda chake, na yeye hapendi kulala juu ya vitu vya watu. Nikadhani ni homa." Akamgeukia ustadhi. "Umeuliza amana. Amana si hiyo?"

Ustadhi alifikiri kidogo. "Kama ipo nyumbani kwa marehemu na wenyewe wanaitaka, itolewe," akasema. "Itolewe haraka."

Bi Mwanahamisi akaingia ndani. Tulimsubiri, mimi chini kwenye vumbi, wao wamesimama na jeneza mabegani, na hakuna aliyetania tena. Alitoka na begi jeusi la mgongoni, la watoto wa shule. Akalifungua mbele yangu. Bahasha za kaki, kila moja ina jina. Ya Esta ilikuwa katikati. Naujua mwandiko wake, herufi kubwa zilizosimama wima kama ubaoni. Nikaikumbatia kifuani kama mtu aliyepewa kuku.

"Haya toka njiani," alisema.

Nilisimama. Mzee mmoja wa nyuma alikuwa ameshaelemewa, nikampokea. Tulipoanza kutembea kuelekea makaburini, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma, laini, haina tena kejeli yote: "Mpagazi kapata mzigo."

Jumapili asubuhi, kijijini. Nililala pale kwenye mkeka, maana kuondoka baada ya kupata ulichokifuata ni aibu. Asubuhi Shomari alikuja na vikombe viwili vya uji, akakaa karibu yangu. Tulikunywa.

"Mimi nina diploma ya ualimu," alisema mwishowe. "Ulijua?"

Sikujua.

"Nilikuwa naomba Shelisheli mwenyewe. Mkubwa wetu pale mjini akaniambia nikileta walimu wengine, viza yangu itatangulizwa. Nikawaleta. Akasema chukua vyeti halisi, ukiwaachia watahamia kwa wakala mwingine, halafu wewe utakosa. Kule ubalozini havihitajiki hata. Wanataka nakala."

"Kwa hiyo vilikuwa vimekaa hapa tu?"

"Vimekaa tu."

"Na viza?"

Alizungusha uji kwenye kikombe. "Kaka, mimi viza ya Shelisheli sijawahi kuiona kwa macho yangu. Hata moja. Sijui ina rangi gani."

Nilitaka kukasirika, nikatafuta mahali pa kuanzia nikakosa. Alikuwa amevaa kanzu ya kuazima, mikono imemzidi. Nikamuuliza huyo mkubwa yuko wapi sasa. Akasema simu yake nayo haipatikani.

Bi Mwanahamisi alitoka ndani na lile begi, limefungwa. "Mpagazi. Utabeba vyote. Wenyewe wako huko huko kwenu Kibaha, huyu hapa ana matanga. Shomari, mpe namba zao." Kisha akanirudishia kofia yangu, imefuliwa. Ndani yake kulikuwa na nanasi dogo. "Hilo la kuzuia njia. Usije ukasema Wazaramo hatulipi."

Mchana, barabarani. Nilirudi na gari la machungwa kupitia njia ile ile ya vumbi, begi nimelipakata. Nilikuwa nikibeba magunia Mtwara bila kuyawaza. Mzigo ule niliuwaza njia nzima. Kila tuliporuka shimo niliukumbatia. Nilianza kupiga simu tulipoukaribia mtandao wa Kiluvya.

Jioni, Kwa Mathias. Mwalimu wa kwanza alinikuta karibu na duka la vitenge. Ni kijana wa fizikia, anauza vocha na chaja kando ya barabara. Alifungua bahasha, akatoa cheti kimoja, akakinusa. Akanunua soda, tukainywa wawili. Mwingine, dada wa kemia, alishuka kwenye pikipiki ikiwa bado inatembea.

Sofu ndiko nilikopata shida. Mwalimu pale alikuwa mtu mzima kuliko wenzake, ana watoto watatu wanacheza mlangoni. Aliitazama bahasha bila kuigusa.

"Shomari ndiye kakutuma?"

"Ndiyo. Pamoja na mama yake mdogo."

"Irudishe."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamweleza tena, msiba, begi, uji, yote aliyosema Shomari.

"Nimekuelewa, ndugu yangu. Lakini wewe hujui mambo haya. Vyeti vikitoka kwa wakala, jina linatoka kwenye foleni. Nimesubiri mwaka mzima. Irudishe, mwambie mimi bado nipo."

"Hakuna foleni, mwalimu."

"Wewe umeiona ofisi ya huko mjini?"

"Sijaiona."

"Basi huwezi kusema haipo."

Mke wake alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto mgongoni. Alinyoosha mkono kupitia pembeni ya mumewe, akaichukua bahasha, akaenda nayo ndani. Mwalimu hakugeuka. Alinishukuru kwa adabu, akaniuliza kama nimekula. Niliondoka Sofu nikiwa nimechoka kuliko safari yote.

Giza lilikuwa linaingia nilipofika Pangani. Mama alipokea nanasi, akaniuliza kama limetoka kwenye mfumo. Esta hakucheka. Alikaa kitandani akatoa vyeti kimoja kimoja, akavigeuza nyuma na mbele, akavipanga kwa mwaka. Vyote vilikuwepo. Kimoja kilikuwa kimekunjika pembe; akakiweka chini ya kitabu kizito.

"Asante, kaka."

Pembeni ya kitanda kuna begi jipya la magurudumu, alilonunua wakati Shomari alipoanza kusema mhuri tu ndio umebaki. Limekaa pale miezi. Mama huwa analifuta vumbi. Esta alilifungua, akatoa blauzi nyeupe yenye vifungo vya lulu, bado ina karatasi ya dukani shingoni. Ilikuwa ya kufundishia Shelisheli. Akaikata ile karatasi kwa meno, akawasha pasi.

"Hakusema kitu kuhusu viza?" aliniuliza akiwa amenipa mgongo.

Ningeweza kumwambia chochote. Nimetembea sana, najua kutunga.

"Alisema hajawahi kuiona."

Pasi ilikwenda na kurudi kwenye mkono wa blauzi. "Hata moja?"

"Hata moja."

Watu wameniuliza baadaye nilijifunza nini katika safari ile, nami huwaambia yale ya kawaida. Mpe wakala nakala, cheti halisi kikae kwako. Anayekuajiri nje ndiye anayeanza kukuombea kibali cha kazi, kwa hiyo ukiambiwa viza iko njiani, uliza kibali kiko wapi. Kaulize ofisi ya kazi kama wakala wako anajulikana. Hayo yote ni kweli, na hata Esta alikuwa anayajua nusu yake kabla hajatoa vyeti. Nilichokuwa sikijui mimi ni kingine. Nilidhani safari inaanza mtu anapopanda gari. Kumbe kuna watu wanaosafiri mwaka mzima wamekaa kwenye ngazi za Kwa Mathias, nao ukiwarudishia mizigo yao unawaambia washuke.

Jumatatu asubuhi, mlangoni kwa mama. Esta alikuwa tayari kabla jua halijatoka, blauzi nyeupe, viatu vimepigwa rangi. Alifungua bahasha ya kaki kuhakiki mara ya mwisho: cha kuzaliwa, cha nne, cha sita, cha chuo. Kisha akachukua pasipoti kutoka juu ya kabati, ile ya bluu isiyo na mhuri hata mmoja, akaiingiza katikati ya vyeti.

"Pasipoti hawakuiomba," nikamwambia.

"Najua," alisema, akaifunga bahasha.